Wasomaji wamenikimbia sehemu ya 26, na mchapishaji anataka milioni mbili na laki nne

Shikamooni wana safu.

Mimi ni binti wa miaka 28, naishi Nzuguni hapa Dodoma, nauza kwenye duka la dawa. Tangu mwaka jana nimekuwa naandika simulizi ya mapenzi kwenye simu na kuirusha katika kundi langu la WhatsApp kila Jumanne na Ijumaa. Imeisha sehemu ya 62. Yote ni kama maneno 96,000.

Kwa kifupi, Neema ni binti wa mkulima wa zabibu Hombolo. Baraka ni mpima ardhi kutoka Dar, mzuri, mpole, ana gari, hajawahi kusema neno baya, amekuja huku kikazi. Wanapendana. Sehemu ya 26 Neema anaona picha ya Baraka amemkumbatia mwanamke, anakata mawasiliano. Wanahangaika hadi sehemu ya 41 ndipo anagundua yule ni dada yake Baraka. Mwisho wanafunga ndoa.

Mwanzoni nilikuwa na watu 240 na nikichelewa kurusha wananisumbua, eti nimewaacha na arosto, ile hamu ya kujua kinachofuata. Kuanzia ile ya 26 wakaanza kutoka mmoja mmoja bila kuaga. Sasa wanaosoma hawafiki 70. Sijui nilikosea wapi.

Pili, kuna mchapishaji amenipigia. Nikilipa 2,400,000 atanitolea nakala 200 zenye kurasa 368, bei ya kuuzia 10,000. Mkataba una kurasa mbili, na kuna mahali pameandikwa "mwandishi anakabidhi haki zote za kazi hii kwa mchapishaji moja kwa moja". Anataka jibu wiki hii. Akiba yangu ya kikoba inakaribia hapo. Nisaini?

Tatu, mama yangu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Simulizi ina sehemu tatu za chumbani. Nizitoe?

Msomaji wenu, Nzuguni

*

Marahaba, mdogo wetu.

Usisaini. Na pesa ya kikoba iache ikae, hesabu yake utaiona huko chini. Tuanze na hao waliokimbia, maana wamekwambia ukweli kuliko wote waliowahi kukusifia.

Kinachoendesha hadithi ya mapenzi ni kile kinachowazuia wapenzi. Wakishapendana na hakuna kinachowazuia, hadithi imekwisha hata kama umebakiwa na sehemu 36 za kurusha. Kizuizi chako, ile picha, kipime hivi: wahusika wakipigiana simu dakika tano wakaambiana ukweli, shida inabaki au inaondoka? Yako inaondoka. "Yule ni nani?" "Dada yangu." Basi. Msomaji wa simulizi za mapenzi ameshaona akina dada wa namna hiyo mara nyingi, na wewe kwake si wa kwanza, kwa hiyo amelijua jibu palepale sehemu ya 26. Sehemu 15 zinazofuata anamsubiri Neema ajue analolijua yeye. Kwanza anamwonea huruma, halafu anamkasirikia, halafu anamwona mjinga, na hapo ndipo anapobonyeza kutoka kwenye kundi.

Kinachouma ni kwamba kizuizi cha kweli unacho tangu sehemu ya kwanza, umekisahau shambani. Mwanaume ni mpima ardhi. Baba wa msichana ana shamba la zabibu. Huyu Baraka amekuja kupima nini? Kwenye barua yako amekuja "kikazi", na kazi yenyewe haisikiki tena. Katika Dodoma hii, ambayo serikali imehamia kwa kasi tangu 2016 na mji ukatangazwa jiji 2018, familia ya pembezoni isiyolijua neno bikoni, zile alama za mipaka zinazochimbiwa ardhini, ni ipi? Mpe kazi. Mstari wa barabara au wa viwanja alioletewa kwenye ramani unapita katikati ya mizabibu ya baba mkwe mtarajiwa.

Sasa jaribu ile simu ya dakika tano. Wakiambiana ukweli, shida inazidi. Baraka akisogeza bikoni, anapoteza kazi na pengine anashtakiwa. Asiposogeza, mzee anapoteza mistari minane ya mizabibu. Na mzabibu si mahindi, kwamba mwaka huu umekosa basi mwakani unapanda tena: mche unakaa kama miaka miwili kabla ya mavuno ya maana, kisha unahudumiwa miaka na miaka, na hapa kwetu unavunwa mara mbili kwa mwaka. Mzee akiletewa fidia, anaihesabu kwa lugha hiyo. Kila mtu ana haki yake hapo, na hakuna mwovu wa kumtupia lawama. Kizuizi cha namna hiyo kinabeba kitabu kizima bila kuongezewa adui wa kukodi.

Kinakupa pia kitu ambacho Baraka wako hana, yaani kosa. Ulivyomweleza ni mzuri, mpole, ana gari, hajawahi kusema neno baya. Mtu wa hivyo hapendeki kwa kurasa 250, anachosha. Mwache aijue ramani wiki tatu kabla ya Neema na anyamaze, kwa sababu anaogopa kumpoteza. Kisha Neema aione, naye anyamaze mbele ya baba yake kwa sababu hiyohiyo. Siku bikoni zinapochimbiwa, wote wawili wana hatia, na kuachana kwao hakuhitaji picha ya mtu yeyote.

Tuoneshe kwa karibu. Simulizi nyingi za simu zinawakutanisha wapenzi hivi, na tunakisia yako haiko mbali:

"Baraka alikuwa kijana mtanashati, mrefu, maji ya kunde. Neema alipomwona moyo ulimpasuka paa, akahisi kama umeme unapita mwilini mwake."

Ondoa majina, uweke ya watu wengine, hakuna atakayejua hadithi imebadilika. Hakuna shamba, hakuna kazi, hakuna linaloweza kuharibika. Sasa hivi:

"Alikuwa amesimama upande wa pili wa mizabibu, futi ya kamba begani, viatu vya mjini vimekuwa rangi ya vumbi.
'Hili shamba la nani?'
'La baba.'
Akatazama karatasi yake, akatazama mizabibu, akarudi kwenye karatasi. Aliikunja mara mbili akaitia mfukoni.
'Kuna kitu?' Neema akauliza.
'Kuna jua kali,' alisema. 'Naomba maji.'"

Mwanaume amedanganya sentensi yake ya pili tu kitabuni, msomaji amemwona akidanganya, Neema bado. Umeme wa mwilini hatukuutaja. Huo ndio uzi wa kuvuta hadi sura ya mwisho.

Mwisho wenyewe usiuguse: wafunge ndoa, au angalau waachwe pamoja na tumaini. Fasihi yetu ina riwaya nyingi ambazo msichana aliyependa anaishia kufa au kujuta ili wengine wajifunze. Hizo ni riwaya za maonyo, zina heshima yake, ila anayenunua kitabu cha mapenzi ameahidiwa furaha mwishoni na ukimnyima anahisi ametapeliwa. Ila furaha hiyo ilipiwe. Mstari wa barabara usihamishwe na mjomba mwenye cheo anayetokea sura ya mwisho.

Sasa kukigeuza kuwa kitabu. Simulizi ya kurusha na kitabu ni vitu viwili. Kwenye kundi, kila sehemu inaanza kwa kukumbusha ("tuliishia pale Neema alipo...") na inaisha kwa arosto. Kitabuni, kukumbushwa jambo ulilosoma ukurasa uliopita ni kero, na mishtuko 62 inayofuatana inageuka kelele. Acha arosto kwenye sura kama kumi hivi, nyingine ziishie kwenye utulivu.

Maneno 96,000 kwa sehemu 62 ni kama 1,550 kila moja. Sehemu za picha ya dada, 26 hadi 41, ni 16. Zikitoka zote unapunguza takribani 24,800. Kumbusho zikiwa za maneno 150, kwa sehemu 46 zilizobaki unapunguza 6,900 nyingine. Umebaki na kama 64,000. Habari ya shamba itaongeza, maelezo ya sura za watu na salamu ndefu za kwenye simu zitapungua, kwa hiyo lenga 65,000. Inatosha kabisa. Mills & Boon, nyumba ya London iliyoanza 1908 na ambayo jina lake limekuwa sawa na vitabu vya mapenzi, ina mfululizo ambao vitabu vyake ni maneno 50,000 tu. Na huko Kano, kaskazini mwa Nijeria, wanawake wanaoandika kwa Kihausa wamejenga soko zima la vitabu vyembamba vya mapenzi, vinavyotoka kwa mafungu na kuuzwa sokoni. Unene hauuzi mapenzi.

Unene unauza wino tu, na hapo ndipo hesabu ya mchapishaji inapoingia. Ukurasa wa A5 (nusu ya karatasi ya A4) wenye herufi za ukubwa wa 11 unabeba maneno kama 270 ya Kiswahili. Maneno yako 96,000 ni kurasa 356, pamoja na kurasa za mwanzo unapata hizo 368 alizokutajia. Maneno 65,000 ni kurasa 241. Karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa kurasa 16 kwa pamoja, kwa hiyo chagua idadi inayogawanyika kwa 16: 256. Zile 15 za ziada ni za jina la kitabu, hakimiliki, shukrani, na sura ya kwanza ya kitabu chako kijacho. Umepunguza kurasa 112 kwenye kila nakala.

Anataka 2,400,000 kwa nakala 200. Hiyo ni 12,000 kwa kila kitabu, na kitauzwa 10,000. Ukiuza mkononi zote 200 umepoteza 400,000. Ukipitisha dukani, maduka mengi hutaka punguzo la asilimia 30 hadi 40. Kwa asilimia 35 unabaki na 6,500, hasara ni 5,500 kwa nakala, jumla 1,100,000, na hapo umeuza kila kitabu. Yeye faida yake ameshaipata siku unayolipa, hana sababu ya kuhangaika kuuza hata kimoja.

Mchapishaji wa kweli pesa inatoka kwake kuja kwako. Anagharimia uhariri, jalada na uchapaji, anakulipa mrabaha, yaani fungu lako kwenye mauzo, mara nyingi karibu asilimia 10. Anayekutoza ni mtoa huduma ya uchapaji. Hiyo ni biashara halali, lakini mtoa huduma hapewi haki. Anapewa pesa, anakupa vitabu, mmeachana. Huyu wako anataka vyote viwili. "Haki zote moja kwa moja" maana yake kesho kampuni ya tamthilia ikiitaka hadithi ya Neema, anayelipwa ni yeye, na wewe huna ruhusa hata ya kuirusha kwenye kundi lako mwenyewe.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi ni yako tangu ulipoiandika, maisha yako yote na miaka 50 baadaye. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, hakukupi haki mpya, kunakupa ushahidi, na kwa simulizi iliyopita kwenye simu 240 ushahidi unahitajika: watu hunakili, wanabadilisha majina, wanauza kama yao. Usifute ujumbe wa zamani wa kundi, tarehe zake ni shahidi wako.

Siku ukipata mchapishaji wa kweli, mkataba utaje anachochukua: kitabu cha karatasi, kwa Kiswahili, kwa miaka mitano tuseme. Utaje idadi ya nakala kila anapochapa, taarifa ya mauzo mara mbili kwa mwaka, na kwamba kitabu kikikosekana sokoni miezi 12 haki zinarudi kwako. Filamu, tamthilia, sauti na tafsiri zisipotajwa waziwazi, andika kwamba zimebaki kwa mwandishi.

Ukiamua kuchapa mwenyewe, usianze na 200. Chapa 50 kwa mtambo wa dijitali, ambao bei ya nakala moja haibadiliki sana ukichapa 50 au 100. Mtambo wa ofseti una gharama ya sahani za kuchapia kabla hata karatasi haijaingia, kwa hiyo unaanza kulipa ukifika mamia kadhaa. Chukua bei sehemu tatu na wote wape maelezo yaleyale kwa maandishi: A5, kurasa 256, ndani karatasi ya gramu 80 rangi moja, jalada kadi ya gramu 300 rangi kamili na plastiki isiyong'aa, kubandika kwa gundi. Ukiuliza tu "kitabu cha kurasa 250 bei gani?" kila mmoja atakupa bei ya kitabu tofauti, halafu utadhani wa bei ndogo ndiye mwaminifu.

Peleka PDF. Faili la kuandikia likifunguliwa kwenye kompyuta ya stesheneri herufi zinabadilika, kurasa zinasogea, sura ya tano inaanzia katikati ya ya nne. Pambizo ya upande wa mgongo iwe milimita 20, la sivyo msomaji atalazimika kukibinua kitabu ili aone mwisho wa mstari, na gundi itaachia. Kitabu cha kurasa 256 kina karatasi 128, mgongo wake ni kama milimita 13: mwambie msanii wa jalada kabla hajaanza, na aongeze milimita 3 za kukatwa kila upande. Picha uliyoiokota mtandaoni inang'aa kwenye simu ila kwenye jalada inatoka ukungu, tena mara nyingi ina mwenyewe. Dai nakala moja ya mfano, ikae nawe siku mbili, uifungue na kuifunga kama msomaji mkorofi. Karatasi zikichomoka hapo, bora zichomoke kwako.

ISBN, namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Omba kwa jina lako, kabla jalada halijakamilika, kwa sababu namba inaingia nyuma ya jalada.

Kuuza, umekaa pazuri kuliko unavyodhani. Viwanja vya Nanenane viko Nzuguni kwenu. Usikodi banda, omba kona ya meza kwa akina mama wanaouza mvinyo na zabibu kavu. Kitabu cha binti wa Hombolo pembeni ya zabibu za Hombolo hakihitaji maelezo.

Tuzo nazo ziko, na hizo hazitozi. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ina kundi la riwaya. Ya Safal, iliyoanza 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, hupokea miswada na vitabu vipya vya Kiswahili. Soma kanuni za mwaka husika kuhusu kazi zilizokwisha kusambazwa mtandaoni kabla hujatuma.

Sehemu za chumbani. Jiulize kwa kila moja ya tatu: asubuhi yake kuna kilichobadilika kati yao? Kama hakuna, itoke, hata kama mama yako asingekuwa kanisani. Iliyobaki, funga mlango mapema kuliko unavyotamani. Kiswahili kina tafsida za kutosha na msomaji wako anazijua zote. Mkono unaofungua pindo la kanga ukaishia hapo unafanya kazi kuliko aya nne za viungo. Kuna na upande wa sheria: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kusambaza ponografia, na kwenye kundi la WhatsApp huna namna ya kujua nani ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Jina la kalamu ni ruhusa kabisa, ila COSOTA na kwenye mkataba liwepo la kweli. Tukushauri jambo moja tu kuhusu mama: asikisikie kwanza kwa mtu mwingine.

Huyo anayetaka jibu wiki hii mtumie hili, kama lilivyo: "Asante kwa nafasi. Sitakabidhi haki za kazi yangu na sitalipia uchapishaji. Kama mko tayari kugharimia na kunilipa mrabaha, nitumieni mkataba mpya wenye muda maalumu." Kisha zima mlio wa simu, fungua sehemu ya kwanza, umpe Baraka ile karatasi.